Watatu wa Jiweni

Hapo zamani za kale, wanangu, na si kale ile ya mbali sana, maana wanyama walikwisha kuwa na shule, sare na kengele, aliishi nguchiro mmoja jina lake Kidawa. Sogeeni karibu nikusimulieni yaliyompata. Mwenye masikio mazito akae mbele.

Kidawa alizaliwa pamoja na ndugu kumi na mmoja ndani ya kichuguu kimoja. Nguchiro hawatembei mmoja mmoja. Wakienda mtoni wanakwenda wote, wakirudi wanarudi wote, na njiani ni mbio tu, tiritiri-tiritiri, vumbi linabaki nyuma. Na mbele ya wote alikuwa Kidawa.

Siku moja ya masika alikanyaga kitanzi cha waya kilichotegwa na wawindaji. Alihangaika asubuhi nzima. Mama yake alipofika na kukifukua kigingi, mguu wa mbele wa kulia ulikuwa hauna uhai tena. Ukakatika. Kidonda kikafunga. Lakini nguchiro wa miguu mitatu hakimbii kama wenzake. Anakwenda kwa kurukaruka: tipu-tipu, ti. Tipu-tipu, ti.

Siku za mwanzo ndugu zake walimngoja njiani. Kisha wakawa wanamngoja kidogo. Kisha wakawa wanamwambia, "Utatukuta." Akawakuta wamekwisha kula, wamekwisha kunywa, wamejilaza. Wala hawakumchukia. Walimpenda sana. Ila walikuwa mbali.

Alipopona kabisa akarudi shuleni.

Shule yao ilikuwa na madarasa manne madogo na uwanja mmoja mkubwa kupita kiasi. Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa Michezo na Afya, na mwalimu wake alikuwa Nyati. Mwalimu Nyati alikuwa na kifua kama mlango wa ghala na sauti ya kutikisa majani. Kila somo alilianza kwa maneno yale yale: "Mwili wenye afya ni mwili wenye nguvu. Mwenye nguvu ni nani?"

Na watoto wote walijibu, "Ni yule anayekimbia."

Hapo mbio zikaanza, halafu mieleka, halafu kuvuta kamba. Mwisho wa mwaka mwalimu alitoa alama. Aliyepata sifuri katika Michezo alirudia darasa, hata kama hesabu anazijua na kusoma anasoma.

Kidawa akapanga mstari na wenzake kama zamani. Mwalimu Nyati akapita akiwatazama, akasimama mbele yake.

"Mguu wako uko wapi, mwanangu?"

"Umekatika, mwalimu."

"Pole sana," akasema Nyati, na alikuwa na pole ya kweli. "Basi nenda pale jiweni ukapumzike."

"Sijachoka, mwalimu."

"Nenda tu. Utaumia bure."

Jiwe lenyewe lilikuwa bapa la mwamba kwenye pembe ya uwanja, mahali ambapo hata mpira haukufika. Kidawa akaenda, tipu-tipu, ti, huku nyuma yake akisikia kipenga na miguu ya wenzake wote ikiondoka kwa pamoja, guuu, kama mvua inayohama.

Jiweni aliwakuta wawili. Mmoja alikuwa komba aitwaye Makame. Macho ya komba ni makubwa, hayavumilii jua, na mchana yalimtiririka machozi hata asiweze kuuona mpira. Kwa hiyo Makame alijifunika uso kwa mkia akasinzia. Wa pili alikuwa kakakuona. Aliketi amejikunja nusu, na juu ya magamba yake palikuwa na lundo la masweta ya wanaokimbia. Sweta hili jekundu, lile la kijani, jingine lenye tope. Kichwa chake kilionekana kwa shida.

Kidawa akamtazama, akaona haya.

Maana miaka miwili mizima, kila siku ya Michezo, yeye Kidawa alikuwa akipita hapo mbio, anavua sweta lake na kulirusha: "Nishikie." Pu, sweta linaanguka. Hata siku moja hakugeuka kutazama limeangukia wapi. Na sasa ameketi kando ya kakakuona huyo, wala jina lake halijui. Wiki nzima akakaa kimya. Kuuliza jina kungekuwa kukiri kwamba hakuwahi kuuliza.

Jiwe lile, wanangu, lilikuwa na joto mchana na upepo jioni. Watatu wameketi, kila mmoja peke yake. Kila somo lilipoisha, Mwalimu Nyati alipita na daftari lake, akahesabu kwa mbali kwa ncha ya pembe: "Wa jiweni, watatu." Akaandika. Akaenda zake.

Wiki ya pili, kakakuona akasema neno bila kuinua kichwa.

"Songoro ameumia mguu."

Songoro alikuwa ngiri, bingwa wa mbio wa darasa lao. Kidawa akamtazama uwanjani. Alikuwa mbele ya wote kama kawaida, mkia juu kama bendera.

"Mbona anakimbia?"

"Anakimbia. Ameumia. Sikiliza."

Kidawa akatega sikio. Hakusikia kitu ila vishindo.

"Usisikilize wote," akasema kakakuona. "Msikilize yeye. Ku-ku-ku, ka. Ku-ku-ku, ka. Ule wa nyuma wa kushoto anauogopa."

Kesho yake Songoro akaja shuleni na kitambaa kimefungwa mguu wa nyuma wa kushoto. Mwiba ulikuwa umeingia tangu juzi, na alikuwa ameuficha.

Kidawa akarudi jiweni akiwa na hamu ya kujua. "Umejuaje?"

"Mwaka wa tatu huu nimekaa hapa," akasema kakakuona. "Masweta hayasemi. Nikaanza kusikiliza miguu."

"Unaijua yote?"

"Yote. Funga macho."

Kuanzia siku hiyo wakawa na mchezo. Wanaupa mgongo uwanja, wanafumba macho, na anayepita wanamtaja. Kwata-kwata-kwata, Hidaya pundamilia. Tap, kimya, tap, yule swala mrefu. Hata Makame akaamka, maana kwa macho yaliyofumbwa jua halikumwonea, na masikio yake yalikuwa mapana kama majani ya mgomba. Wakacheza hivyo siku nyingi, na kwa mara ya kwanza somo lilikuwa likiisha kabla Kidawa hajatamani liishe.

Siku moja akauliza, "Na mimi ulinijua?"

"Wewe ni Kidawa. Hata kabla hujaja huku."

Kidawa akataka kumwita kwa jina, akakumbuka halijui. Kakakuona akamtazama kwa macho yake madogo, akaelewa.

"Naitwa Siwatu," akasema. Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angelisema kwa hasira.

Muhula wa pili ukakaribia kwisha, ukabaki mmoja tu kabla ya alama za mwaka. Asubuhi moja Siwatu akasema, "Mwakani sitakuwapo."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimekwisha kurudia darasa la tatu mara mbili kwa sababu ya sifuri ya Michezo. Mama amesema nikipata sifuri nyingine nisirudi tena. Shule ni mbali, natembea tangu alfajiri, na anasema haoni faida ya kutembea hivyo ili nishike nguo za watu."

"Nyumbani mko wangapi?"

"Mimi na yeye. Kakakuona wengine walikamatwa."

"Utafanya nini huko mchana kutwa?"

Siwatu akafikiri. "Nitajikunja," akasema.

Kidawa hakucheza mchezo siku ile. Somo lilipokwisha akamfuata Mwalimu Nyati ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unasemaje?"

"Naomba sisi wa jiweni nasi tupewe mchezo. Hata mdogo."

Nyati akaweka daftari chini. Hakuwa mwalimu wa kufoka ovyo. "Sikiliza, mwanangu. Uwanja una sheria moja. Anayeweza acheze, asiyeweza akae. Nikianza kumshonea kila mtoto mchezo wa kiasi chake kama fundi cherehani, nitamaliza lini? Nimewaweka pale kwa huruma. Hamwumii."

"Tunaumia, mwalimu."

"Wapi?"

Kidawa hakuwa na mahali pa kuonyesha. Akatoka.

Alirudi kwao peke yake, ndugu zake wamekwisha kuondoka zamani. Njia nzima aliyarudia maneno yale: anayeweza acheze, asiyeweza akae. Alipofika kichuguuni akasimama. Sheria ile haikutaja miguu. Haikutaja mbio. Haikusema ni mchezo gani.

Wiki ya mwisho ya muhula akarudi ofisini, safari hii na uso wa upole kama wa mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Mwalimu, kuna maneno kule mtoni. Mimi nimeyakanusha, lakini nimeona uyasikie."

"Maneno gani?"

"Wazazi wanasema Mwalimu Nyati anajua michezo ya wakubwa tu. Eti ukipewa mchezo wa wadogo utashindwa."

Pua ya Nyati ikatoa hewa, fuuu. "Nani amesema?"

"Si mmoja. Nikawaambia, mwalimu wangu hakuna mchezo asiouweza. Nikasema hata siku ya kufunga shule, mbele yao wote, akipewa mchezo wetu ataucheza. Nimefanya vibaya, mwalimu?"

"Hujafanya vibaya. Mchezo wenyewe ni upi?"

"Wa kitoto tu. Unafumba macho, watoto wako wanapita nyuma yako, unataja majina yao."

Nyati akacheka mpaka daftari likaanguka. "Wanafunzi wangu mwenyewe? Waambie wazazi waje mapema."

Siku ya kufunga shule wazazi wakajaa kuuzunguka uwanja. Bi Korongo, mwalimu mkuu, alikuja na miwani yake na miguu yake mirefu akakaa mbele. Mama Kidawa alikuja na watoto kumi na mmoja. Na nyuma kabisa, nje kidogo ya umati, alisimama kakakuona mmoja mtu mzima mwenye vumbi la safari ndefu. Hakuna aliyemsogezea kiti, maana hakuna aliyejua ni mama wa nani.

Mwalimu Nyati akaketishwa jiweni, mgongo uwanjani. Mama Kidawa akamfunga macho kwa kanga yake.

"Wapite," akasema Nyati.

Kidawa akawapanga mwenyewe. Kwanza akampitisha Songoro. Ku-ku-ku-ku.

"Songoro," akasema Nyati mara moja. Umati ukapiga makofi.

Kwata-kwata-kwata. "Hidaya."

Tap, kimya, tap. "Yule swala wangu wa miruko, Rashidi."

Akataja sita, saba, nane, wote mabingwa wake. Makofi yakazidi, na shingo ya Nyati ikanenepa kwa furaha.

"Basi, mwalimu," akasema Kidawa kwa sauti ya unyenyekevu. "Umeshinda. Tuishie hapa."

"Tuishie wapi? Endelea."

"Nahofia utachoka, mwalimu. Na tena mchezo usio na adhabu hauna utamu."

"Uwe nayo," akasema Nyati. Akainua sauti ili wazazi wote wasikie. "Sheria ya uwanja ni moja. Anayeweza acheze, asiyeweza akae. Atakayemkosa mtoto hata mmoja wa darasa hili atakaa jiweni muhula mzima ujao, awe mwanafunzi, awe mwalimu. Na atakayewataja wote, huyo ndiye ataongoza somo."

Bi Korongo akauliza, "Umesema mwenyewe, Mwalimu Nyati?"

"Nimesema mwenyewe."

Kidawa akageuka. Siwatu alikuwa amesimama nyuma ya watoto wote, amejikunja nusu. Kidawa akamwendea.

"Siwezi," Siwatu akanong'ona. "Watanitazama."

"Hatua kumi tu."

"Nikijikunja katikati je?"

Kidawa hakuwa na hila ya jambo hilo. "Ukijikunja nitakaa hapo kando yako mpaka ujikunjue," akasema. "Hata kama ni kesho."

Siwatu akajikunjua. Akaanza kutembea. Shwaa. Shwaa. Shwaa. Uwanja mzima ukanyamaza, maana wengi wao ndio kwanza walikuwa wakimtazama.

Nyati akatega sikio. "Huo ni upepo."

"Si upepo, mwalimu."

"Kuna mtu anaburuta kuni."

"Hapana, mwalimu. Ni mwanafunzi wako."

Shwaa. Shwaa. Kisha kimya. Siwatu alikuwa amefika nyuma yake hasa.

"Tukusaidie," akasema Kidawa. "Atasema neno."

Na Siwatu akasema lile neno alilokuwa akilisema kila asubuhi kwa miaka mitatu: "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akajibu Nyati upesi, kama alivyojibu kila asubuhi.

"Aliyekuamkia ni nani?"

Nyati akafungua mdomo. Kanga ikacheza kwa upepo. "Ni yule," akasema. "Yule wa jiweni."

"Wa jiweni tuko watatu, mwalimu. Jina lake."

Akatafuta. Mmewahi kumwona mtu mkubwa akitafuta kitu ambacho hakuwahi kukiweka? Akainamisha kichwa upande mmoja, akainamisha upande wa pili. Wala hapakuwa na mtu aliyecheka. Songoro mwenyewe alikuwa ametazama chini, kwa kuwa naye jina hilo hakulijua.

Nyati akaivuta kanga akageuka. Akamwona kakakuona mdogo amesimama mbele yake na macho mawili madogo. Kwa nyuma umati ulikuwa umegawanyika, na yule kakakuona mtu mzima alikuwa akija polepole.

"Anaitwa Siwatu, mwalimu," akasema mama yule. "Ni jina la bibi yake."

Akasimama kando ya mwanawe.

Bi Korongo akavua miwani. "Kuna mtoto anayeweza kuwataja wote?" akauliza.

Songoro akajaribu, akaishia kwa marafiki zake. Hidaya akajaribu, akaishia hapo hapo. Ndipo Makame akasema kutoka chini ya mkia wake, "Mpeni Siwatu."

Wakamfunga Siwatu kanga ile ile. Akaketi jiweni mahali pake pa siku zote. Wakapita mmoja mmoja, bila mpangilio, wengine wakinyata kumjaribu. Akawataja kumi. Akawataja ishirini. Hakuinua sauti, ilibidi watu wazuie pumzi ili wamsikie.

Tipu-tipu, ti.

Hapo akanyamaza kidogo. "Ni Kidawa," akasema. "Zamani alikuwa na miguu minne, na alikuwa hanioni."

Kidawa alisimama pale pale. Hila zote zilikuwa zake siku ile, lakini hilo hakuwa amelitegemea. Watoto kumi na mmoja wa mama yake walimtazama. Lilikuwa kweli.

Wakaisha watoto wote. Siwatu alipotaka kufungua kanga, vikasikika vishindo vingine, vizito. Puu, puu. Puu, puu. Mwalimu Nyati alikuwa akipita kama wanafunzi wake.

"Huyu ni Mwalimu Nyati," akasema Siwatu. Akataka kuongeza kitu, akaacha. "Basi. Ni mwalimu."

Nyati akasimama. "Maliza neno lako."

"Si neno la hadharani, mwalimu."

"Maliza, mwanangu."

"Goti la kushoto linakuuma. Tangu mwaka juzi. Ndiyo maana hukimbii nasi, unapuliza kipenga umesimama."

Nyati, aliyekuwa akiwaambia kila siku kwamba mwenye nguvu ni yule anayekimbia, alilitazama goti lake kana kwamba limesema lenyewe. Alikuwa amelificha mbele ya walimu wenzake, mbele ya mkewe, na kila jioni alilikanda kwa maji moto akiwa amefunga mlango. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Ni kweli," akasema. Akajongea, akaketi jiweni kando ya Siwatu, na jiwe likajaa.

Jioni ile Mama Kidawa akamwuliza binti yake, "Ulijua kwamba hajui jina?"

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua, mama."

Nyati hakuikimbia ahadi yake. Muhula mpya ulipoanza alikwenda jiweni, na masweta akayashika. Siku za mwanzo aliliona ni jambo dogo, kumbe hata sweta moja likirushwa na mtu asiyekutazama linauma. Wiki ya pili akaanza kuwaita kwa majina kila walipopita, nao wakaanza kusimama, kumwamkia na kumpa nguo mkononi.

Siwatu akaongoza somo, na sauti yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo ikabidi darasa lote lisogee. Wakati mwingine alisahau la kusema, akasimama tu katikati ya uwanja mpaka Hidaya alipomkumbusha. Somo la kwanza hawakukimbia. Aliwaambia kila mmoja aweke mkono kifuani asikilize. Du-du, du-du. Kisha akauliza, "Nani anaumwa mahali na hajasema?" Kwanza wakatazamana. Kisha Songoro akataja meno. Kisha Rashidi, yule mrukaji, akasema usiku hapumui vizuri. Ikachukua kipindi kizima, na Siwatu alilisikiliza kila jambo mpaka mwisho.

Baadaye mbio zikarudi, maana waliozipenda walikuwa wengi na si kosa kupenda mbio. Lakini walikimbia wawili wawili, aliyefumbwa macho na anayemwongoza kwa sauti, na mwongozaji bora kuliko wote alikuwa Makame, chini ya kivuli alichojengewa kwa makuti. Mieleka ikawa ya aina mbili, ya kuangusha na ya kutoanguka. Hiyo ya pili, Siwatu akijikunja, hata Songoro kwa meno yake yote hakumsogeza. Ilipofika zamu ya kuvuta kamba, Siwatu akaenda mwenyewe hadi jiweni.

"Mwalimu, ukikaa unaweza nini?"

"Naweza kuwa mzito," akasema Nyati baada ya kufikiri.

"Njoo basi. Tunakosa wa kushika mwisho wa kamba."

Akaenda akichechemea waziwazi, akaketi mwishoni mwa kamba. Alipoandika alama mwaka ule, sifuri haikuwapo, na Siwatu akapanda darasa la nne.

Na Kidawa? Msidhani kila kitu kilimnyookea. Ndugu zake waliendelea kukimbia, na yeye aliendelea kufika nyuma yao, maji ya mtoni yamekwisha kuchafuka. Mguu haukuota. Ziko siku aliketi mlangoni mwa kichuguu akasikiliza tiritiri zikififia mpaka zikaisha, na hakuna hila ya kutibu hilo.

Lakini jioni moja, kengele ilipolia, Siwatu alimkuta langoni.

"Njia yako na yangu ni moja mpaka kwenye mto mkavu," Siwatu akasema. "Mimi natembea polepole."

"Na mimi."

"Lile la sweta bado sijalisahau."

"Najua."

"Basi twende."

Wakaondoka. Shwaa, shwaa. Tipu-tipu, ti. Hawakuzungumza sana, na njia ilikuwa ndefu.

Nami nimefika mwisho wa njia yangu, wanangu, shikeni neno moja: kabla hujamwambia mwenzako hawezi, kwanza mjue jina.